Amekiona kwenye runinga, sasa anakililia: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa mzazi

Maswali ni yale yale, sauti tu ndizo zinazobadilika. Mwanangu ana miaka mitatu, nikizima runinga anajigaragaza chini, nifanye nini? Wa kwangu ana sita, kila tangazo likipita anasema "na mimi nataka", nimechoka. Binti yangu wa miaka tisa hataki tena kubeba mkoba wake kwa sababu hauna picha ya ile katuni. Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi mno, nyingine nikiwa nimesimama mlangoni na viatu miguuni, kwa hiyo safari hii nayaweka yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kufanyia kazi.

Shika jambo moja kabla hatujaanza. Kati ya runinga na kilio cha dukani kuna mnyororo wenye pete nne: mtoto anaona, anataka, analia, anapata. Wazazi wengi hupambana na pete ya kwanza peke yake. Wanaficha rimoti, wanapiga marufuku katuni, wengine wanaigawa runinga kabisa, kisha wanashangaa mtoto anavyolilia vitu alivyoviona kwa jirani. Pete ambayo iko mkononi mwako kila siku ni ile ya nne. Hatua zilizo hapa chini zinagusa zote, lakini kama una nguvu za kufanya jambo moja tu, ruka uende hatua ya 6.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari dogo na kalamu. Simu inafaa pia, ila daftari lililoachwa mezani huandikwa na kila mtu.
- Wiki sita. Ya kwanza ni ya kuangalia tu, tano zilizobaki ni za kazi. Anayekuahidi mabadiliko ya siku tatu hajawahi kuzima katuni mbele ya mtoto.
- Watu wazima wote wanaokaa na mtoto: mwenzi wako, bibi, babu, msaidizi wa nyumbani, mjomba anayekuja mwisho wa wiki.
- Maelekezo ya runinga au king'amuzi chako, ili ujue namba ya siri inawekwa wapi.
- Boksi la vitu vya kuchezea visivyo na chapa: kamba, makopo, vipande vya mbao, kalamu za rangi, nguo kuukuu za kuigizia.
- Karatasi kubwa ya kubandika ukutani.
- Kibubu, kwa mtoto wa kuanzia miaka sita hivi.

Usinunue kitu kwa ajili ya kazi hii. Kupambana na tamaa ya kununua kwa kwenda kununua seti ya "michezo ya kuelimisha" ni kichekesho, na mtoto atakiona.

Jua pia umri wa mtoto wako unadai nini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya mwaka 1 asikalishwe mbele ya skrini kabisa, wa mwaka 1 haishauriwi, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, pungufu yake ikiwa bora zaidi. Kwa hiyo kama wako hajafika miaka miwili, hatua zako ni ya 3 na ya 4 tu. Hakuna bajeti ya kumpangia wala tangazo la kumweleza.

Hatua ya 1: Andika wiki nzima bila kubadilisha kitu

Chora safu nne: muda, alichotazama, alichofanya au alichoomba baadaye, na jibu la mtu mzima. Usiandike insha. Mistari ya namna hii inatosha:

Jumanne, saa 12 jioni. Katuni, ndani yake tangazo la gari linalogeuka roboti, mara mbili. Wakati wa kula akaliomba. Nikasema "tutaona".

Jumamosi, asubuhi. Dukani. Amelilia gari lile lile. Nilikataa mara tatu, ya nne nikanunua.

Andika pia runinga inayowaka bila mtazamaji, maana hiyo nayo inahesabika. Mtoto mdogo anayecheza mbele ya runinga inayonguruma hukatiza mchezo wake kila mara ageuke kuitazama, na watu wazima waliopo chumbani huongea naye kidogo kuliko kawaida. Nyumba nyingi zinazoniambia "sisi hatutazami sana" zina runinga inayowashwa asubuhi na kuzimwa usiku.

Onyo: wiki hii usihubiri, usifoke, usifiche rimoti. Ukianza kurekebisha mambo mapema, daftari litakuandikia wiki ya maigizo.

Hatua ya 2: Soma daftari na utenganishe matatizo matatu

Watu husema "runinga imemharibu mtoto" kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Chukua kalamu tatu za rangi tofauti upitie mistari yako. Utakuta mambo matatu, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni kuiga. Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Albert Bandura na wenzake waliwaonyesha watoto wa shule ya awali mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kupulizwa. Walipoachwa na mwanasesere huyo, wengi walimpiga kwa mtindo ule ule, wengine wakirudia hata maneno yaliyosemwa. Mwaka 1963 walirudia jaribio kwa filamu badala ya mtu halisi, na watoto wakaiga vilevile. Kwa hiyo kijana wako anayeruka kutoka kwenye kochi na kumpiga mdogo wake teke huku akitaja jina la shujaa hajaingiwa na pepo. Anafanya mazoezi ya alichofundishwa. Dawa yake ni kubadilisha anachotazama.

La pili ni kutaka. Utalitambua kwa jina la bidhaa: haombi "mpira", anaomba mpira fulani, wa rangi fulani, na wimbo wa tangazo lake anaujua mwanzo hadi mwisho.

La tatu ni kushindwa kuacha, yaani hasira za wakati wa kuzima. Hili halihusiani sana na tamaa ya vitu. Linatokana na namna ya kuzima, saa ya kuzima na uchovu. Kama rangi hii ndiyo imejaa kwenye daftari lako, hatua ya 5 ndiyo yako.

Hatua ya 3: Watu wazima kaeni kikao kwanza, mtoto akiwa amelala

Mpango huu hufia hapa kuliko mahali pengine popote. Baba anakataa, mama anakubali, bibi ananunua kimyakimya. Mtoto wa miaka minne hajui kuhesabu mpaka ishirini, lakini ramani ya nani analegea na saa ngapi ameshaichora.

Kubalianeni mambo manne tu, yaandikwe: runinga inawaka saa ngapi na kuzimwa saa ngapi, nani anaruhusiwa kuiwasha, ombi la kununua linajibiwa kwa maneno gani, na kwamba mmoja akishakataa, mwingine hapindui mbele ya mtoto. Ukiona mwenzako amekosea, mwambie mkiwa wawili.

Bibi na babu waendewe kwa heshima na kwa ombi mahususi. "Usimdekeze" ni maneno ya kumuudhi mzee tu. Mwombe hivi: "Mama, kabla hujamnunulia kitu, niulize kwanza kama kiko kwenye orodha yake." Hapo umempa nafasi kwenye mpango, na zawadi yake inabaki kuwa zawadi.

Hatua ya 4: Panga nyumba upya

1. Toa runinga, tableti na simu chumbani kwa mtoto, hasa usiku. Tatizo la kulala likiwepo, anzia hapa: mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku.

2. Zima runinga isiyotazamwa. Wakati wa kula izimwe kabisa.

3. Weka namba ya siri kwenye king'amuzi na kwenye programu za video. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa, wanaujua.

4. Zima uchezaji wa mfululizo, ule unaoanzisha video nyingine kabla ya mtoto hajapepesa jicho. Hii peke yake hupunguza ugomvi mwingi, kwa sababu inarudisha kitu ambacho runinga ya zamani ilikuwa nacho: mwisho.

5. Hamisha mtoto kutoka kwenye chaneli zenye matangazo uende kwenye vipindi vilivyopakuliwa au kurekodiwa. Kipindi kile kile bila matangazo ni kitu tofauti kabisa.

Hapa pana mtego ambao wazazi wengi hawauoni. Matangazo hayapo tu kwenye mapumziko. Zipo katuni ambazo mhusika wake, gari lake na ngome yake vyote vinauzwa dukani. Kipindi chenyewe ndicho tangazo. Zipo pia video za watoto wanaofungua maboksi ya vitu vya kuchezea, dakika ishirini za kushangilia plastiki. Mtoto anaziona kama mchezo wa rafiki. Ukiulizwa upunguze kipi kwanza, punguza hizi, hata kabla ya katuni za kupigana.

Mambo haya yana historia ndefu. Mr. Potato Head, mwaka 1952 huko Marekani, ndicho kinachotajwa kuwa kitu cha kuchezea cha kwanza kutangazwa kwenye televisheni, na tangazo lilizungumza na mtoto mwenyewe badala ya mzazi mwenye pesa. Tangu hapo wauzaji hawajarudi nyuma. Kuna mahali sheria iliingilia: jimbo la Quebec nchini Kanada limezuia matangazo ya biashara yanayolenga watoto wa chini ya miaka 13 tangu 1980, na Uswidi ilizuia yale ya televisheni yanayowalenga walio chini ya miaka 12 mwaka 1991. Nayataja ili usijione mzazi mkali kupita kiasi. Unachofanya sebuleni, wengine wamekifanya bungeni.

Hatua ya 5: Weka bajeti ya saa, kisha ujifunze kuzima

Kwa mtoto wa shule ya msingi, mfano ninaoupenda ni ule uliofanyiwa majaribio katika shule mbili za San Jose, California, na watafiti wa Stanford. Watoto wa darasa la tatu na la nne katika shule moja walianza na siku 10 bila runinga, video wala michezo ya video, halafu wakapewa bajeti ya saa 7 kwa wiki. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001, watoto hao walisema wanaomba vitu vya kuchezea mara chache kuliko wenzao wa shule ya pili. Hakuna aliyewahubiria kuhusu ubadhirifu. Walipunguziwa pete ya kwanza, na ya pili ikapungua.

Siku 10 si lazima kwako. Kama nyumba yenu ina vurugu nyingi au kuna mtoto mchanga, anza na bajeti moja kwa moja. Chora masanduku saba kwenye karatasi, kila moja saa moja, mtoto apake rangi anapolitumia. Mwache achague mwenyewe ayatumie lini. Akimaliza yote Jumatano, Alhamisi hadi Jumapili hakuna, na usimkopeshe hata nusu.

Sasa kuzima. Wengi tumefundishwa kumwonya mtoto mdogo: "bado dakika mbili." Utafiti wa Chuo Kikuu cha Washington wa mwaka 2016 uliwafuatilia wazazi wa watoto wadogo ukakuta onyo hilo linaongeza ugomvi, na kuzima kunakuwa rahisi pale kipindi chenyewe kinapofika mwisho. Inaeleweka. Dakika mbili kwa mtoto wa miaka mitatu ni maneno tu, lakini wimbo wa mwisho wa katuni anaujua.

Fanya hivi:

- Kabla ya kuwasha, taja idadi: "Tunatazama katuni mbili, halafu tunaoga."
- Kaa karibu wimbo wa mwisho unapoanza.
- Mwache abonyeze kitufe cha kuzima yeye mwenyewe.
- Mpeleke moja kwa moja kwenye jambo linalofuata, ambalo uliliandaa. Usimwache katikati ya sebule mikono mitupu.

Onyo: usitumie runinga kama zawadi ya kumaliza kazi wala adhabu ya kukosa. Ukifanya hivyo unaipandisha cheo. Na usizime katikati ya kipindi kwa sababu wewe umechoka au umekasirika na mambo mengine. Mtu mzima akifanyiwa hivyo dakika ya 88 ya mechi angepiga kelele zaidi ya mtoto.

Hatua ya 6: Badilisha jibu lako

Rudi kwenye daftari, ule mstari wa Jumamosi: nilikataa mara tatu, ya nne nikanunua. Usome kwa macho ya mtoto. Kwake mstari huo hausemi kwamba mama alikataa. Unasema bei ya gari ni vilio vinne. Wiki ijayo atakuja na vinne tayari, na ukigoma hapo ataongeza cha tano, kwa sababu hajui leo umeweka mpaka wapi. B. F. Skinner, aliyechunguza tabia za wanyama maabara kwa miaka mingi, alionyesha kwamba tabia inayolipwa mara moja moja bila mpangilio ni ngumu kufutika kuliko ile inayolipwa kila mara. Ndiyo maana mzazi anayejivunia kwamba "mimi simpi kila anachotaka, ni mara chache tu" ndiye mwenye kilio kirefu zaidi.

Kutokana na hilo tunapata kanuni moja: kama utatoa, toa kwenye ombi la kwanza, kama umekataa, chozi lisibadilishe kitu. Kumkubalia mtoto si dhambi. Mkubalie upesi, kabla hajalia, ili alipwe kwa kuomba vizuri.

Kabla ya kuingia dukani, inama mpaka macho yenu yalingane. Mwambie: "Tunanunua vitu vitatu. Cha kuchezea hakimo leo. Wewe ndiye utakayeshika orodha." Mpe kazi ya kweli, atafute, ahesabu, abebe.

Akiomba kitu, usikibeze. Ukisema "takataka gani hiyo" unaanzisha kesi ya kukitetea. Sema: "Nimekiona. Kinapendeza. Tukifika nyumbani tukiandike." Nyumbani, kwenye ile karatasi ya ukutani, aandike au achore, na wewe uweke tarehe. Baada ya siku 30 muulize kama bado anakitaka. Vitu vingi hufa humo ndani kwa wiki mbili. Anavipita bila kuvitazama, kisha anavifuta kwa mkono wake. Usimfutie wewe.

Orodha hiyo lazima iwe hai. Kitu kilichopita siku 30 kijadiliwe kweli: kinasubiri siku yake ya kuzaliwa, kinatoka kwenye kibubu, au kinakataliwa kwa sababu inayotajwa. Mtoto akigundua kwamba ukutani ni makaburi ya maombi yake, atarudi kwenye kilio, na atakuwa na haki.

Kibubu kinafanya kazi kwa njia yake. Mtoto aliyekuwa akiligaragazia gari la pesa yako huanza kukagua magurudumu, kufungua mlango na kuuliza kama kuna jingine la bei ndogo pindi pesa inapokuwa yake. Akinunua kitu kibovu, usimrudishie pesa wala usimcheke.

Maneno ya kuacha: "Tutaona." Kwako ni njia ya kukwepa, kwa mtoto ni ahadi. "Hatuna pesa", kama mfukoni zipo. Anakuona ukilipia vitu vingine dakika hiyo hiyo. Sema "pesa hii ina kazi nyingine", maana huo ndio ukweli.

Akilia: punguza sauti yako, rudia jibu mara moja tu, kisha unyamaze ubaki karibu naye. Usimpe hotuba, usimpige, usimnunulie kitu kidogo cha kumfunga mdomo. Akivuruga watu, mtoe nje mkae mpaka apoe, mrudi mmalizie. Watu watawatazama. Wengi wao wana watoto.

Onyo kubwa kuliko yote kwenye mwongozo huu: kilio kitapanda kabla ya kushuka. Njia iliyomlipa miaka yote imekufa ghafla, kwa hiyo ataijaribu kwa nguvu zaidi, na siku hizo za mwanzo ndizo wazazi wanasema "mpango haufanyi kazi". Unafanya. Ukilegea kilio kikiwa kileleni, umemfundisha kwamba kileleni ndiko kunakolipa, na utaanza upya ukiwa nyuma ya ulipoanzia. Kwa hiyo usianze hatua hii wiki ya sherehe, ya safari, au ambayo wewe mwenyewe huna usingizi.

Kuna anayenijibu kwa methali: mtoto akililia wembe mpe. Mzee aliyesema hivyo alijua wembe utamkata mtoto, naye ajifunze. Gari la plastiki halimkati anayelilia. Linamkata anayelipa, na somo linakwenda kwa mtu asiyehusika.

Hatua ya 7: Mfundishe kulisoma tangazo

Angalia umri hapa, maana juhudi nyingi hupotea bure. Mtoto wa chini ya miaka minne au mitano mara nyingi hatenganishi tangazo na kipindi. Kikosi kazi cha Chama cha Saikolojia cha Marekani kilihitimisha mwaka 2004 kwamba watoto wa chini ya miaka 8 kwa kawaida hawajaweza kuelewa kwamba tangazo lina nia ya kumshawishi mtu, hivyo hulipokea kama habari ya kweli. Kwa mdogo, basi, ondoa tangazo na uachane na maelezo.

Kwa wa miaka minane kwenda juu, cheza naye upelelezi. Tazameni tangazo moja mara tatu. Mara ya kwanza bila sauti, mshangae jinsi linavyopoa muziki ukiondoka. Mara ya pili ahesabu picha zinavyokatwakatwa, na atafute mkono wa mtu unaosogeza kitu kilichodaiwa kujiendesha. Mara ya tatu asome maandishi madogo ya chini: betri zinauzwa kando, kila kimoja kinauzwa peke yake, vipande viunganishwe na mtu mzima. Halafu maswali matatu: nani amelilipia tangazo hili? Anataka sisi tufanye nini? Ni nini hakikuonyeshwa?

Kama nyumbani mna kitu kilichowahi kununuliwa kwa sababu ya tangazo, kitoeni. Kwetu alikuwepo mwanasesere aliyetembea peke yake bustanini kwenye runinga. Sakafuni kwetu alipiga hatua mbili akaanguka kifudifudi, na miguu ikaendelea kutembea hewani. Alibaki rafuni miaka miwili, na kila tangazo jipya likija binti yangu alikuwa akiuliza kama na hiki kitatembea "kama yule". Sikuhitaji kuongeza neno.

Hatua ya 8: Jaza pengo, na ujikague

Ukiondoa saa mbili za runinga, zinabaki saa mbili. Mtoto aliyezoea kuchekeshwa atanuna, atazunguka, atasema "sina cha kufanya". Usikimbilie kumburudisha. Weka boksi lako mahali analifikia, endelea na kazi zako, ukiweza mpe kazi moja ya nyumbani inayoonekana matokeo. Mara nyingi mchezo wa maana huanza baada ya malalamiko.

Kuhusu wewe: kama unamtaka aache rimoti huku kidole chako kinapitisha matangazo ya viatu kwenye simu, hatasikia neno. Weka simu kando kwenye zile saa za kula.

Ikikwama

*Nimelegea siku ya nne, nimenunua.* Basi. Usimnyang'anye alichopewa. Andika kwenye daftari ilikuwa saa ngapi na ulikuwa katika hali gani. Mara nyingi utakuta ni jioni, wewe na yeye mna njaa. Kesho endelea, lakini hamisha safari ya dukani iwe asubuhi, au nenda peke yako.

*Kwa jirani wanatazama kutwa.* Huwezi kutawala nyumba ya mtu. Mpunguzie muda wa kwenda, waalike watoto hao kwenu mara nyingi zaidi, na ushikilie jibu la hatua ya 6. Akiviona huko lakini kilio hakilipi hapa, mnyororo umekatika.

*Wenzake shuleni wanacho, wanamcheka.* Hili usilichukulie kama usumbufu wa kawaida. Msikilize mpaka mwisho kabla ya kutaja pesa. Wakati mwingine anachotaka ni kuingia kwenye mchezo, na kuna njia nyingine ya kumwingiza. Wakati mwingine, kwa maoni yangu, ni sawa kumnunulia kimoja, kwa uamuzi uliotangulia chozi. Na kama kuna kuonewa, ongea na mwalimu. Hilo halitibiwi dukani.

*Tuna chumba kimoja na runinga ni ya wote.* Ifunike kwa kitambaa saa zake zikiisha. Watu wazima watazame habari na tamthilia mtoto akilala, au watumie visikio. Picha za vita na ajali kwenye taarifa ya habari huwatisha watoto zaidi ya tunavyodhani, na hawakuambii mpaka usiku.

*Anaendelea kupiga wenzake kama kwenye katuni.* Ondoa kipindi hicho kabisa kwa mwezi mmoja, usikipunguze tu. Msimamishe kila anapopiga, kwa maneno yale yale mafupi. Mpe pa kumalizia nguvu: kukimbia, kubeba, kupanda.

*Anajipiga kichwa ukutani, au ana miaka miwili na haongei, au halali hata runinga ikiwa haipo.* Weka mwongozo huu chini umpeleke kwa mhudumu wa afya. Beba lile daftari. Ataanza kwa kukuuliza mambo ambayo umeshayaandika.